Masurufu ya Usiku

Wameniandikia tena kutoka makao makuu ya mfadhili,
kwa adabu ile yenye baridi ya kitasa cha benki:
Tafadhali fafanua fungu la saba.
Kwa nini posho za usiku, siku kumi na nne,
ilhali zahanati ya Rutamba hufungwa saa tisa na nusu alasiri?

Nikajibu: Mheshimiwa, vimelea vya matende
havijui saa za kazi.
Mchana vinajibanza mapafuni.
Watu wakishalala ndipo vinashuka,
vinatembea kwenye damu ya vidole kama wenye nyumba.
Basi nasi tunatoka Lindi na taa zetu,
tunafika saa nne, tunarudi saa nane,
tunabisha hodi kama wachawi wenye vitambulisho.

Hiyo ya wachawi nikaifuta.
Nikaambatanisha jedwali.

Mimi si daktari. Sindano naiogopa mpaka leo.
Nahesabu glovu, dizeli, vipande vya sabuni,
alama za gumba za watu mia tatu na sita
waliopewa soda moja moja na wakaikubali kwa wino.
Vijana wa maabara wananiita Mama Risiti.
Waniite. Profesa akiandika ugunduzi wake
ataandika juu ya meza niliyoitafutia wazabuni watatu.

Mwezi wa tatu njia ya Milola ilikatika.
Chinguile wa bodaboda aliacha pikipiki ng'ambo,
akavuka na boksi la barafu kichwani, maji kifuani.
Risiti yake aliiandika nyuma ya lebo ya gunia la korosho:
"Nimebeba damu. Elfu kumi na tano. Nimelowa."
Mkaguzi akauliza, muhuri uko wapi?
Nikamwonyesha doa la tope.
Hakucheka. Akaandika: gharama haikubaliki.
Nikailipa kwa mshahara wangu. Sijuti,
ila naikumbuka,
maana elfu kumi na tano ni elfu kumi na tano.

Juzi alikuja Mohamedi Likwati, mshiriki namba mia mbili kumi na saba,
amevaa kanzu pana
kwa sababu ambayo mtaa mzima unaijua na hauitamki.
Alikaa kwa kujipima, upande upande.
Nilidhani amefuata nauli.
Akauliza, "Damu yangu bado ipo?"

Ipo. Nikampeleka akalione friji:
nyuzi themanini chini ya sifuri,
lina bima, lina king'ora, lina jenereta lake peke yake,
maana gesi inatoka huku kwetu kusini
na umeme nao una safari zake.
Akaligusa kwa kiganja.
"Inakaa pazuri kuliko mimi," akasema.
Halafu, bila kunitazama,
"Na kupasuliwa, je?"

Kupasuliwa hakumo.
Mara tatu niliomba tuhamishe fedha za warsha,
zile za hoteli na mikoba yenye nembo.
Mara tatu wakajibu: nje ya mawanda ya utafiti.
Mawanda. Neno hili nililipenda shuleni,
lilininukia uwanja, nyasi, mtoto anakimbia.
Sikujua kwamba lina ukuta.

Leo mradi unafungwa.
Salio, dola elfu tisa mia nne na kumi na mbili,
lirudishwe kabla ya tarehe thelathini.
Nimeligawanya kwa bei ya upasuaji mmoja.
Hakuna aliyeniomba nigawanye.
Jibu nimeliandika kwa penseli pembeni,
nikalifuta,
karatasi imebaki na kovu.

Nimesaini. Ni saa nne kasoro.
Umeme umekatika Mtanda yote, jenereta limeitikia,
damu ya Likwati haijashtuka.
Yeye mwenyewe yuko Rutamba, amelala, kibatari kimezimwa,
na ndani yake wale wadogo wanashuka,
wanaingia kazini kwa wakati,
bila posho.